Swichi ndani ya FPGA: ipi inakumbuka njia yenyewe umeme ukikatika?

Kijana wa Tandika

Habari zenu wakuu. Nina bodi ya FPGA (chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe kwa programu) ya Spartan-6, chipu ni XC6SLX9, inaendesha kampresa mbili za chumba cha baridi cha samaki huku Feri. Inasoma vihisi vya joto, inahesabu muda wa kupumzisha kampresa, na inachagua kati ya umeme wa gridi na jenereta. Ikishawaka inafanya kazi vizuri kabisa.

Taabu ni umeme unaporudi. Kabla chipu haijamaliza kusoma programu kutoka flashi ya pembeni (chipu ya kumbukumbu), relei zinagonga, kontakta (swichi kubwa ya kampresa) inavuta halafu inaachia. Mara nyingine kampresa inaanza ikiwa bado na presha, inanguruma bila kuzunguka mpaka kinga yake inakata.

Nimesikia zipo FPGA zisizosahau. Mmoja kaniambia ninunue Tang Nano, mwingine MachXO2, mwingine ProASIC3. Zote zinasifiwa kwa jambo hilo hilo. Je, ni kitu kimoja? Na nikibadilisha chipu, tatizo litakwisha?

Zuhura wa Gerezani

Kaka, si kitu kimoja hata kidogo, na ninafurahi umeuliza kabla hujatoa hela.

Ndani ya FPGA eneo kubwa limeliwa na njia: nyaya zinazopishana, na kwenye makutano swichi za kuamua ishara ipite wapi. Swichi kwa kawaida ni transista. Sasa jiulize: nani anaishikilia ile transista iwe wazi au ifunge?

Kwenye Spartan yako anayeishikilia ni seli ya SRAM, kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Hiyo ni sawa na mtu aliyeshika mlango kwa mkono, akiondoka mlango unajirudia. Xilinx, waliobuni Spartan, walianza hivyo na XC2064 mwaka 1985, na FPGA nyingi zimefuata kwa sababu SRAM haihitaji hatua za ziada kiwandani. Umeme ukikatika, njia zote zimefutika.

Tang Nano 9K na MachXO2 zina flashi ndani ya kasha lile lile, lakini swichi zenyewe bado zinashikwa na SRAM. Umeme ukirudi, kinachotokea ni kunakili kutoka flashi kwenda SRAM. Ni haraka, MachXO2 inatumia milisekunde chache tu, na huhitaji chipu ya pembeni. Ila hapo kinachokumbuka ni ghala. Swichi haikumbuki kitu.

ProASIC3 ndiyo tofauti ya kweli. Pale transista mbili zinachangia geti moja inayoelea, yaani kisiwa kidogo cha kuhifadhi chaji, kilichozungukwa pande zote na oksaidi isiyopitisha umeme. Moja ni ya kuandikia na kukagua, ya pili ndiyo swichi inayopitisha ishara. Ukizijaza elektroni kwenye geti hiyo, swichi inazuia ishara. Ukizitoa, inapitisha. Elektroni hazina pa kukimbilia, kwa hiyo njia iko tayari tangu volti zinapofika. Wazo la geti inayoelea ni la watafiti Dawon Kahng na Simon Sze, 1967, na ni lile lile lililozaa flashi za simu zetu. Kwa ProASIC3 ahadi ya karatasi ya mtengenezaji ni miaka 20 ya kukumbuka na kuandikwa upya mara 500. Usiitumie kwa majaribio ya kila saa. PolarFire nayo iko kwenye ukoo huu, ila chaji inanaswa kwenye tabaka la naitraidi. Zamani Actel, waliobuni ProASIC3, walikuwa pia na antifyuzi, kiungo kinachoanza kikiwa hakipitishi umeme: unaichoma mara moja tu ipitishe, haifutiki tena.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Swichi isiyosahau inakumbuka njia. Haikumbuki hesabu. Kaunta yako ya kupumzisha kampresa iko kwenye flip-flopu, seli ndogo za kushika namba wakati wa kazi, na hizo zinafutika hata kwenye ProASIC3. Ukinunua chipu mpya na kuacha kodi (maandishi ya programu) ilivyo, itaamka mara moja na kuwasha kampresa yenye presha, tena kwa haraka zaidi. Andika kodi hivi: kila inapoamka, ichukulie kampresa imezimwa sasa hivi, ianze kuhesabu mapumziko upya.

Na kugonga kwa relei kunatibika bila kubadilisha chipu. Programu ya LX9 ni takribani biti milioni 2.7. Saa ya kusomea isipobadilishwa ni MHz 2, biti moja moja, kwa hiyo pini zako hazina mwenyewe kwa zaidi ya sekunde. Angalia pini ya HSWAPEN. Ikiwa imeshushwa chini, chipu inavuta pini zote juu kidogo wakati inasoma, na transista za relei zinadhani zimeamriwa. Ipandishe, halafu weka rezista ya kuvuta chini kwenye kila mstari wa relei. Pandisha na ConfigRate, yaani kasi ya saa ya kusomea, iwe 26 kama flashi yako inaiweza.

Msomi wa Kijitonyama

Dada Zuhura umemaliza. Niongeze moja kwa wapenda mada. NEC, kampuni ya Japani, walibuni swichi ya NanoBridge: ioni za shaba (atomi zenye chaji) zinasukumwa kwa volti ndani ya elektrolaiti ngumu, kitu kigumu kinachozipitisha, mpaka zinajenga daraja kati ya waya mbili. Geuza volti, daraja linavunjika. Swichi inakaa kwenye tabaka za nyaya juu ya transista, inaokoa eneo, na mionzi haiigeuzi kama inavyoweza kugeuza biti ya SRAM. Iliruka na setilaiti ya Japani ya RAPIS-1, Januari 2019.

Fundi Umeme Mbagala

Kijana, kwenye gridi na jenereta usiiachie chipu yoyote. Weka kontakta zenye kufuli la kimakanika, moja ikivuta nyingine haiwezi. Chipu iombe tu.

Kijana wa Tandika

Asanteni sana. Kufuli la kimakanika lipo. HSWAPEN nimeifuata kwa mita: imelala kwenye graundi, na waya wake unapita chini ya chipu, siufikii. Nifanyeje?

Zuhura wa Gerezani

Basi iache. Kwenye kuvuta chini tumia rezista ya kilo-ohm 1 badala ya 4.7 iliyozoeleka, maana mvuto wa ndani wa kupandisha pini unaweza kufika mikroampea 500. Kwa kilo-ohm 1 utabaki kwenye nusu volti, na ULN2003, chipu ya transista za kuendesha relei, haiwaki kwa nusu volti. Zichomelee kwanza kwenye mistari ya kampresa, upime pini kwa osiloskopu wakati wa kuwasha, ndipo urudishe kontakta.