Tupeane uzoefu: tuliosafiri na wenza wetu, na sasa tumebaki wasimulizi peke yetu

Mleta mada
Wapendwa, mume wangu alifariki dunia miezi 14 iliyopita, baada ya ndoa ya miaka 31 ambayo ndani yake tulisafiri pamoja kila tulipopata nafasi, kwa basi, kwa treni, kwa meli na mara chache kwa ndege. Kwa msiba wenyewe nimefarijiwa na wengi, nami nawashukuru. Ninachoomba tupeane uzoefu ni jambo moja ambalo sijasikia likizungumzwa. Tulipokuwa tukisimulia safari zetu, mimi ndiye niliyeanza na yeye ndiye aliyenisahihisha. Nikisema mvua ilitukuta asubuhi, alisema hapana, ilikuwa jioni, kwa maana viatu ulikuwa umeshavivua na kuvishika mkononi. Kumbe nusu ya kila safari nilikuwa nayo mimi, na nusu nyingine aliitunza yeye. Sasa nikisimulia hakuna anayenikatiza, na kadiri ninavyosimulia ndivyo ninavyozidi kuwa na shaka na ninayoyasema. Wenzangu mliofiwa, safari zenu mmezitunzaje? Je, mmeweza kusafiri tena?

Mchangiaji wa kwanza
Pole sana, dada yangu. Mimi ni mgane, huu ni mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza niliamua kwenda peke yangu katika safari tuliyokuwa tumeipanga kabla hajaugua, nikiamini kwamba kwa kufanya hivyo namtimizia ahadi. Nilipofika kituo cha treni nilisimama na mizigo mbele ya ubao wa ratiba, nikasimama muda mrefu, mpaka nilipotambua kwamba nilikuwa nasubiri kuambiwa twende wapi. Katika ndoa yetu mimi nilibeba mizigo, yeye akasoma ubao. Treni iliniacha. Nilikaa pale saa nne nikingoja nyingine, na machozi niliyokuwa nimeyazuia tangu siku ya mazishi yalinitoka mbele ya watu nisiowajua, wala sikuona haya.

Marehemu alikuwa na desturi ya kuandika saa ya kuondoka kwa kalamu ya wino mgongoni mwa mkono wake wa kushoto. Siku ile niliiandika saa ya treni ya pili kwenye mkono wangu, na tangu hapo sijawahi kusafiri bila kufanya hivyo. Nimeshasafiri mara tano.

Mchangiaji wa pili
Mimi sijasafiri, na naomba nisihimizwe. Begi lake lipo juu ya kabati, na ndani ya mifuko yake bado mna mchanga wa ufuko wa mwisho tuliotembea pamoja. Sijalikung'uta.

Mchangiaji wa tatu
Poleni nyote. Kwetu sisi mpiga picha alikuwa mume wangu, kwa hiyo katika mamia ya picha za safari zetu nimo mimi, na yeye hayumo. Baada ya kumzika jambo hili lilinitia uchungu usioelezeka. Nilijiona kama mtu aliyezunguka nchi za watu peke yake miaka yote ile. Usiku mmoja nilikuwa nikizitazama tena, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukizingatia. Mume wangu alifundishwa na wapiga picha wa zamani kwamba jua liwe mgongoni kwako, na kwa sababu hiyo, katika picha zilizopigwa asubuhi au jioni, kivuli chake kimelala chini kikielekea kwangu. Katika moja kivuli cha kichwa chake kimegusa kabisa ncha ya kiatu changu, na kiwiko kimeinuka kwa sababu ameshika kamera. Nimezihesabu picha za namna hiyo, ni 46. Nimezitenga katika albamu yake.

Mchangiaji wa nne
Dada mleta mada, mimi ni mjane, na kwa miaka mingi nimefanya kazi ya ushauri kwa wafiwa. Hilo unalolieleza linajulikana katika saikolojia: mwaka 1985 Daniel Wegner wa Marekani alieleza kwamba watu walioishi pamoja kwa karibu hugawana kazi ya kukumbuka, kila mmoja akitegemea kwamba mwenzake anayo yale ambayo yeye hana. Kwa hiyo shaka yako haitokani na uzee wala udhaifu. Umepoteza mtu, na umepoteza pia sehemu ya kumbukumbu iliyokuwa ndani yake.

Tena usibabaishwe na wanaokuhesabia hatua tano za majonzi. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Mimi huona ukweli zaidi katika maelezo ya wanasaikolojia Margaret Stroebe na Henk Schut ya mwaka 1999, kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo anauelekea msiba wake, kesho anayaelekea maisha, na kote kuwili ana haki ya kuwako. Ndugu mwenye begi juu ya kabati hajakosea, wala aliyesafiri mara tano hajamsahau mkewe.

Mleta mada
Ahsanteni kwa kuniamini na mambo yenu. Tangu juzi nimefungua daftari, na safari zetu naziandika hivi: ukurasa wa kulia ninaweka ninavyokumbuka mimi, na ule wa kushoto ninaweka alivyokuwa akinisahihisha yeye, kwa maneno yake kadiri yanavyonijia. Nimefika safari ya sita. Humo nimeandika kwamba meli ilichelewa kung'oa nanga na tukalala juu ya mizigo, nami nina hakika kwamba kila niliposema hivyo alitikisa kichwa akasema jambo, na jambo lenyewe silipati. Ukurasa wa kushoto nimeuacha wazi.