Mbeya hadi Guangzhou: moja kwa moja kutoka Dar, au kupitia Addis, Dubai au Doha?

Mama Mapazia, Mwanjelwa
Habari za mchana wadau. Mwishoni mwa Oktoba nakwenda maonesho ya biashara ya Canton, huko Guangzhou, China, awamu ya nguo na vitambaa. Kila wakala ananipa njia yake. Mliokwishapita huko, nisaidieni: ipi itanifikisha nikiwa bado na nguvu za kuzunguka mabandani?

Mpima Ramani, Iringa
Dada, tuanze na umbali. Dar hadi Guangzhou kwa anga ni kama kilomita 8,700. Ukipitia Addis Ababa unakwenda 1,760, kisha 8,040, jumla 9,800. Dubai inatoka karibu hivyo hivyo, na Doha inafika 10,000. Ndege kubwa inakata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo kuzunguka kote huko kunakuongezea saa moja na nusu tu hewani. Muda unaliwa uwanjani, unaposubiri ndege ya pili. Usiangalie bei kabla hujaangalia saa za kusubiri.

Binti Tukuyu
Kama siku zinalingana na zako, mimi nasimama na Dreamliner, ndege kubwa ya Air Tanzania (ATCL), ya moja kwa moja. Safari inachukua saa kumi na ushee, unalala, unaamka umefika. China nzima inafuata saa moja, nayo ipo saa tano mbele yetu. Tuseme umeruka Dar saa tano usiku: unatua huku kwetu ikiwa saa tatu na nusu asubuhi, kwao saa nane na nusu mchana. Unaoga, unakula, usiku wao ukiingia nawe unalala. Shida ni kwamba hairuki kila siku, na ratiba hubadilika, hivyo ihakikishe kabla ya kulipia hoteli.

Wa Uyole
Mnaanzia Dar wakati dada yupo Mbeya! Kutoka Songwe, uwanja wetu wa ndege, hadi Dar ni kilomita 690 kwa anga, saa moja na kidogo. Kwa basi ni zaidi ya 800, kutwa nzima: Makambako, Mafinga, foleni ya malori Kitonga, halafu mwendo wa taratibu ndani ya hifadhi ya Mikumi. Basi au ndege, dada nakusihi ulale Dar. Ukungu ukishika Songwe asubuhi, ndege inachelewa, na kama tiketi zako mbili hazikuunganishwa, shirika la pili halina deni nawe. Nauli ya China imekwenda hivyo.

Mpima Ramani, Iringa
Hapo umegonga penyewe. Niongeze la kurudi: huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa njia ya Dubai na Doha. Kwenda unakusukuma, kurudi unakuzuia. Siku ya kurudi, usipange ndege ya Songwe inayoondoka mara tu baada ya wewe kutua Dar.

Mama Mapazia, Mwanjelwa
Asanteni sana ndugu zangu. Nalala Dar, natafuta ya moja kwa moja, ikishindikana Addis yenye kusubiri kufupi. Na mizigo je?

Binti Tukuyu
Ukiunganisha ndege, soma karatasi wanayofunga kwenye begi kabla hujaondoka kaunta. Iwe imeandikwa CAN, ndiyo Guangzhou. Ikiishia ADD, yaani Addis, waambie hapo hapo wabadilishe. Kurudi, begi utalichukua Dar kwa ajili ya forodha hata kama tiketi inafika Songwe.