Naombeni ushauri: niendelee na njia ya uuguzi au nikasomee ukerezaji wa vyuma kwa mashine za CNC?

Mwana Kondoa (mleta uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Nina umri wa miaka 34, ninaishi Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, pamoja na mke wangu na watoto wawili, na tuliingia nchini humu kwa ile bahati nasibu ya viza mwaka 2019. Tangu hapo nimekuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulea wazee, zamu ya usiku, na mpango ulikuwa nisome chuo cha jamii hadi niwe muuguzi aliyesajiliwa, kama walivyofanya watu wetu wengi waliotangulia. Chuo hichohicho kina fani ya kukereza na kuchonga vyuma kwa mashine za CNC, yaani zile zinazoongozwa na kompyuta, na cheti chake ni cha mihula miwili tu. Mji huu unakula kwa ndege: Cessna na Beechcraft zote zilianzia hapa, na karakana ndogondogo zinazochonga vipuri zimejaa pembezoni mwa mji. Swali langu ni moja: je, fani hii ina maisha, au roboti zitaimaliza kabla sijatulia kazini? Naomba majibu ya wanaoijua.

Mama Tausi
Ndugu yangu, mimi ni muuguzi mwaka wa tisa sasa, hivyo nitasema ninachokijua. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi za Mei 2023, mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, na mkereza vyuma wa kawaida hakaribii hapo. Wazee hawaishi, wagonjwa hawaishi, na hospitali ipo kila mji utakaohamia, lakini kiwanda cha ndege kikipunguza oda, mtaa mzima unalala njaa. Nilisomea fani hii nikiwa na mtoto mchanga mgongoni, nikipika alfajiri na kurudi usiku, na sikuwahi kuuliza mtandaoni kama inafaa. Wanaume wa siku hizi mnapenda njia fupi.

Mzee wa Tupa
Nimefurahi kusikia kijana anataka kushika chuma. Mwaka 1978 nilianza uanagenzi katika karakana ya reli, Morogoro. Siku ya kwanza msimamizi alinipa bonge la chuma, tupa moja na jiriwa, akaniambia nitengeneze mchemraba wenye pande sita zilizo sawasawa, kisha akaenda zake kunywa chai. Kila jioni alikuja na kipimo cha pembe mraba, akakiweka juu ya chuma na kuinua vyote viwili kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya hata kwa unywele, alikitupa kwenye ndoo nami nikaanza upya. Nilimaliza miezi mitatu bila kuigusa mashine ya kukereza hata mara moja, na mikono ilikuwa kama ngozi ya kenge. Sasa nauliza, hapo chuoni kwenu vijana bado wanafundishwa kupiga tupa, au wanabonyeza vitufe tu?

Spana 17
Mleta uzi, mimi nimo katika kazi hii mwaka wa kumi na moja, Ohio, kwa hiyo nitajibu ulichouliza. Roboti ipo, na kwetu ndiyo inayopakia vipande mashinani usiku kucha, lakini haijui kusoma mchoro wala haitambui kwamba kisu kimeanza kuchakaa kwa sababu mlio wake umebadilika. Anayepaswa kuogopa roboti ni yule anayeridhika kuweka kipande, kubonyeza kitufe na kutoa kipande, na usijidanganye, mwaka wako wa kwanza huenda ukawa hivyo, tena kwa malipo madogo kuliko unayofikiria. Anayejua kuandaa mashine, kuandika programu na kupima hahitaji kutafutiwa kazi na mtu.

Uliza kama chuo kinawatahini wanafunzi kwa vyeti vya NIMS, taasisi ya Marekani inayopima ujuzi wa mafundi vyuma, kwa sababu pale hutoki kwa mtihani wa karatasi peke yake: unapewa mchoro, unachonga kipande, na vipimo vikipita mpaka unaoruhusiwa umefeli. Jiandae pia kuheshimu vitu usivyoviona. Vipimo vyote vinahesabiwa katika nyuzijoto 20 za Selsiasi. Alumini ya urefu wa sentimita 30 ikizidi joto hilo kwa nyuzi 10 hurefuka takriban milimita 0.07, na katika kazi tunazopewa mara nyingi nafasi ya kukosea ni milimita 0.025. Na nukta. Wiki yangu ya kwanza niliandika Z1, yaani amri ya kuinua kisu hadi inchi moja, bila nukta ya desimali. Ile mashine ya zamani ikasoma sehemu moja ya elfu kumi ya inchi badala ya inchi nzima, kisu hakikuinuka, kikaburuzwa juu ya kazi na kung'oa kibano. Mlio ule ninausikia hadi leo.

Kuhusu karatasi, wenye grini kadi wanahesabiwa kuwa "watu wa Marekani" chini ya kanuni za ITAR zinazolinda teknolojia ya kijeshi, kwa hiyo mlango wa vipuri vya aina hiyo haujafungwa kwako kama ulivyofungwa kwa mwenye viza ya masomo.

Lakini kuna neno moja sikulielewa. Umesema mpango "ulikuwa" usome uuguzi. Ulikuwa? Na sasa je?

Mwana Kondoa
Asante sana mkuu Spana 17, umenifumbua macho, hasa kuhusu joto. Ni namna tu ya kuandika. Mzee wa Tupa, tupa bado ipo, nimeiona. Naomba wengine waendelee kuchangia juu ya soko la ajira.

Karani wa Ada
Nimefanya kazi katika ofisi ya misaada ya fedha ya chuo kimoja cha jamii, na jibu la namna hiyo nimelisikia dirishani mara nyingi. Mleta uzi, muhula huu umesajiliwa masomo gani, na unalipiwa na nani? Ushauri wote hapo juu unategemea jibu hilo.

Mwana Kondoa
Sawa, nitasema. Nilisajiliwa masomo mawili ya maandalizi ya uuguzi, la mwili wa binadamu na la vijidudu, kwa msaada wa Pell, ule wa serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo. Katika wiki ya tano nilijiondoa yote mawili. Chuo kimeniandikia barua kwamba ninadaiwa dola 1,140. Mke wangu hajui. Kila Jumanne na Alhamisi ninatoka na begi la vitabu kama kawaida, nakaa maktaba ya mji, nasoma trigonometria.

Kabla hamjanirukia, eleweni kwamba sikukurupuka. Miaka yote hii nimegeuza wazee vitandani na kuwafunga macho wakifa, na ninaiheshimu kazi hiyo, lakini nikifika nyumbani siwezi kuongea na watoto wangu. Nilihudhuria Jumamosi mbili za utangulizi katika karakana ya chuo, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku sikutazama saa. Nimekwisha jiandikisha kwa fani hiyo kuanzia Januari, na nimenunua kwa mtu maikromita na kalipa, vile vifaa vya kupimia vipande, zilizotumika. Kwa hiyo uamuzi ni kama umeshafanyika. Ninachotaka ni kujua tu kama sikukosea.

Karani wa Ada
Hukuja kuomba ushauri basi, umekuja kuomba baraka. Hata hivyo sikiliza. Anayejiondoa masomo yote kabla ya kufika asilimia 60 ya muhula huhesabiwa kuwa amestahili sehemu tu ya msaada, kulingana na siku alizohudhuria. Sehemu nyingine hurudishwa serikalini, na hilo ndilo linalozaa deni lako. Vyuo vingi humzuia mwenye deni kusajiliwa upya, kwa hiyo hiyo Januari haipo mpaka ulimalize au mkubaliane kulilipa kwa awamu. Pili, masomo uliyoyaacha yanahesabiwa kuwa umeyajaribu bila kuyamaliza, na ukishuka chini ya kiwango cha maendeleo ambacho chuo chako kimeweka, msaada husimama hadi ukate rufaa na kueleza kilichobadilika. Tatu, Pell ina kikomo cha mihula 12 maishani. Nne, hakikisha cheti hicho kimo katika orodha ya kozi zinazopata msaada, kwa kuwa baadhi ya kozi fupi hazimo. Nenda ofisini wiki hii, usiende Januari.

Mwana Kondoa
Deni nitalilipa kwa zamu za ziada. Nilifikiri hayo yote.

Chumvi ya Mawe
Kwa hiyo shemeji anajua mumewe anasomea mishipa ya damu, kumbe yuko maktaba anapiga hesabu za pembe tatu. Siku mtoto akipata homa na mama akasema "baba ni wa fani, mpime", utatoa maikromita?

Mama Tausi
Sicheki. Naomba niondoe maneno yangu ya njia fupi, maana mtu akichoka na vifo amechoka, na hilo ninalijua kwa mwili wangu. Lakini mwenzio anahesabu miaka kuelekea mshahara ambao haupo. Anaweza kuwa ameshaupangia nyumba.

Mwana Kondoa
Tatizo ni kwamba ameanza kushuku jambo lingine kabisa. Karakanani hairuhusiwi kuvaa pete, saa, glavu wala mikono mirefu karibu na mashine inayozunguka, kwa hiyo ile Jumamosi ya pili niliivua pete ya ndoa, nikasahau kuirudisha. Aliniona mezani. Nikasema vidole vimevimba.

Macho Manne
Samahanini, nilikuwa nasoma kimya, lakini hapa kwenye pete nimeshindwa. Huu ni mchezo wa redio. Nimepekua michango ya zamani ya mleta uzi: mwaka jana, katika jukwaa la ardhi, aliuliza bei ya viwanja Kibaha na kujitambulisha kuwa kijana asiye na mke wala mtoto. Leo ana mke, watoto wawili, na pete inayopotea. Mmekaa siku nzima mnamhurumia mtunzi.

Chumvi ya Mawe
Kama ni mtunzi, basi angalau amesoma kanuni za usalama.

Mwana Kondoa
Niliandika vile kuhusu Kibaha kwa sababu shemeji zangu wamo humu, na sikutaka wajue ninatafuta kiwanja. Anayetaka kuamini aamini.

Macho Manne
Kwa hiyo kule ulidanganya na hapa unasema kweli. Tutajuaje kwamba hata hiyo karakana uliikanyaga?

Spana 17
Hilo ni rahisi kulijua. Mleta uzi, kipande kimebanwa kwenye jiriwa ya mashine. Ulionyeshwa vipi kuipata sifuri ya ukingo wake, pale mashine inapoanzia kuhesabu? Jibu bila kutafuta.

Mwana Kondoa
Kuna kipini cha vipande viwili vinavyoshikana kwa springi, na ncha yake ina upana wa inchi 0.200. Unakizungusha kama mara elfu moja kwa dakika, ncha inayumba. Unakisogeza taratibu kwenye ukingo hadi ncha itulie kabisa, halafu unaendelea kidogo sana, na ghafla inaruka pembeni. Hapo ndipo ulipogusa. Unainua, kisha unasogea inchi 0.100 zaidi, kwa sababu mhimili wa mashine uko katikati ya ncha na si ukingoni mwake. Mimi nilisahau hiyo nusu mara ya kwanza, matundu yangu yote yakakaa kombo.

Spana 17
Aliyeandika haya amesimama mbele ya mashine. Kila mwanafunzi huisahau ile nusu.

Macho Manne
Kusimama mbele ya mashine si kuoa.

Mama Tausi
Mimi nauliza kitu kimoja tu. Hiyo pete iko wapi sasa hivi?

Mwana Kondoa
Iko katika kisanduku cha maikromita, ndani ya buti la gari. Nimeibana katikati ya nyuso mbili za maikromita, isipotee.

Mzee wa Tupa
Itoe leo. Maikromita haihifadhiwi na kitu kingine, na nyuso zake mbili haziachwi zimegusana wala kubana chochote, maana joto likipanda chuma kinajisukuma na kipimo kinaharibika. Acha mwanya mdogo, paka mafuta kidogo, funga kisanduku. Pete ivae, uingie nayo ndani.