Wakuu, naomba ushauri: barabara yetu ya ndani kati ya Mbezi na Goba, foleni imetushinda

MkaziWaBondeni
Habari zenu wakuu. Naishi wilaya ya Ubungo, kati ya Mbezi na Goba. Barabara yetu ni ya vumbi, inatoka kwenye lami ya Goba inakuja kutokea upande wa Barabara ya Morogoro, kwa hiyo hatuitumii sisi wakazi peke yetu. Asubuhi lami ikijaa, kila mwenye gari anakatiza kwetu.

Tatizo liko bondeni. Pana kalavati la mapaipu, yaani njia ya kupitisha maji chini ya barabara, upande mmoja umebomoka tangu masika. Wakazi tumeweka tairi na kijiti chenye kitambaa chekundu ili watu wasitumbukie usiku. Imebaki njia ya gari moja. Wa Goba anasubiri, wa Mbezi anasubiri, bajaji zinachomekea katikati, mara foleni imeshapanda kilima mpaka kwenye lami. Watoto wa shule wanaamshwa saa kumi alfajiri kuwahi basi. Juzi jirani yetu mjamzito alishushwa kwenye gari akavushwa bonde kwa miguu, akapandishwa bodaboda ng'ambo. Hilo limeniuma kuliko foleni yenyewe.

Greda huja, likachonga, mvua za kwanza zikarudisha mahandaki. Vifusi tumechangishana mpaka watu wamechoka. Tumepiga hodi ofisi mbili, kila moja inasema barabara ni ya mwenzake. Sasa vijana wanataka tufunge njia kwa mawe siku moja tusikike, wazee wanataka barua. Tuanzie wapi? Na je, tudai lami yote au tuombe kidogo kidogo?

FundiZege
Pole sana mkuu. Kwanza mjue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za wilaya ikiwemo mitaa yetu ziko TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu ilipoanzishwa 2017. Msiulize kwa mdomo. Andikeni barua fupi: barabara hii inaitwaje kwenye orodha yenu, iko daraja gani, inaanzia wapi na kuishia wapi? Huku pembezoni watu walijenga kabla ya ramani, na njia nyingi wanazopita hazijawahi kuingizwa kwenye mtandao unaopangiwa fedha. Kama yenu haimo, ombi la kwanza ni iingizwe.

Kuhusu lami: kinachowaumiza, kwa maelezo yako, ni kalavati. Lami mpya ni mradi wa maendeleo, mtapanga foleni na jiji zima. Fedha za Mfuko wa Barabara, zile za tozo ya mafuta, kisheria sehemu kubwa ni ya matengenezo, na kalavati lililobomoka ni matengenezo. Mwaka 2021 iliongezwa Sh 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli mahususi kwa barabara za TARURA. Ninyi wenye bajaji na magari mnailipa kila mkijaza mafuta, kwa hiyo ulizeni bila woga kilomita zenu zimepangiwa nini. Ombeni kalavati la boksi la zege, upana wa magari mawili, na mitaro pande zote mbili za kilima. Mitaro msiiache. Maji ya kilimani yakikosa pa kwenda, hata hiyo lami mtaizika ndani ya misimu michache.

BintiKivule
Kufunga barabara msithubutu. Mtakayemzuia siku hiyo anaweza kuwa mjamzito mwingine, na polisi wakija habari itakuwa ya vurugu, kalavati halitatajwa na mtu.

Mtaani kwetu tulianzia mkutano wa mtaa. Mwenyekiti aweke hoja kwenye ajenda, iamuliwe, iandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari huo ndio unaopanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani anakuwa na kitu mkononi akisimama kwenye baraza la madiwani. Barua ya wakazi kumi wenye hasira haina nguvu hiyo. Na angalieni kalenda! Mwaka wa fedha unaanza Julai, Bunge la bajeti linaanza Aprili. Ukipeleka ombi Mei, mipango imeshafungwa. Sukumeni kuanzia Oktoba, wakati wataalamu bado wanaandaa mapendekezo.

DerevaWaZamani
Niongeze la upande wa lami. Nimeendesha daladala njia za huko. Hata bonde likipona, mdomoni mwa barabara yenu bajaji na bodaboda wamepanga pande zote, na daladala inashushia palepale kwenye kona. Gari inayotaka kuingia kwenu inasimama katikati ya lami, nyuma wanapiga honi. Kaeni na viongozi wa vijiwe, ombeni kituo kisogezwe mbele ya makutano na kichimbiwe sehemu ya kuingia pembeni. Kukaa na watu wa vijiwe hakuhitaji bajeti, mnaweza kuanza wiki hii.

MpimaArdhi
Hakuna aliyegusa hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara. Kwa barabara kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, ndiyo maana mnaona nyumba zimechorwa X, nyekundu kwa asiyelipwa fidia na ya kijani kwa anayelipwa. Waliobomolewa kuanzia Kimara kwenda Kibaha mwaka 2017 wanajua uzito wa hizo alama. Barabara ya mtaa upana wake uko kwenye mchoro wa mipango miji, kaangalieni manispaa kabla ya kudai upanuzi. Fensi ya nani iko ndani? Asiambiwe na greda.

MkaziWaBondeni
Asanteni sana, mmenifungua macho. Swali la MpimaArdhi limenigusa, kwa sababu bondeni kuna fensi mbili zimesogea, na mmoja wa wenye fensi ni mzee tunayemheshimu sana. Tukimwendea vibaya mtaa utagawanyika.

BintiKivule
Msimwendee kwa kundi. Waende wazee wenzake wawili, jioni, nyumbani kwake, wakiwa na mchoro, wamwonyeshe ni mita ngapi hasa zinazohitajika. Akikubali, ridhaa iandikwe mbele ya mwenyekiti na mtu wa familia yake ashuhudie. Akikataa, andikeni hivyohivyo kwenye muhtasari, msimtaje kwa ubaya.

MkaziWaBondeni
Nimekuelewa dada. Nitaongea na mwenyekiti leo kuhusu ajenda, na vijana nimeshawaomba wapige picha bonde asubuhi wakati wa foleni na tena mvua ikinyesha.

FundiZege
Picha ziwe na kitu cha kupimia, hata mtu asimame pembeni ya shimo. Barua ipelekeni masjala kwa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa yenye tarehe na mrudi nayo. Na msimkabidhi mtu mmoja faili lote, maana akihama mtaa mtaanza upya.