OpenTTD: mbona mgodi wangu wa makaa unazidi kushuka na treni inabeba kila siku?

punda_wa_mkunguni

Salaam aleikum wadau. Niko Lamu hapa, nacheza OpenTTD kwa laptop, ule mchezo wa kuendesha kampuni ya usafirishaji, ile hali ya hewa ya wastani na setingi za uchumi nimeziacha vile zilivyokuja. Miji nimeipa majina ya kwetu, Mokowe, Hindi, Witu, Mpeketoni, na baharini nina kisima cha mafuta kile kinachosimama juu ya maji.

Sasa iko hivi. Karibu na Witu kuna mgodi wa makaa ya mawe, treni moja ndefu yenye injini ya maana inachukua inapeleka kituo cha umeme kule mwisho wa ramani, pesa ya safari moja ni nzuri mno, lakini reitingi ya stesheni haitoki kwenye ishirini na kitu na gazeti kila mara linaniletea habari eti uzalishaji umeshuka tena. Alafu meli yangu ya mafuta, na ule mwendo wake wa pole pole, iko juu ya sitini na kisima kinapanda. Kwani meli inapendelewa ama? Na pia kiwanda, nikipeleka chuma peke yake bila mifugo na nafaka kitatoa bidhaa au kinangoja vyote vitatu?

reli_ya_malindi

Waaleikum salaam kaka. Ya kiwanda ni rahisi, hakingoji chochote. Kila mzigo unabadilishwa wenyewe ukifika, peleka chuma tu na bidhaa zinatoka hapo hapo, bora uwe na stesheni ya kuzichukua na mji wa kuzipeleka. Na kituo cha umeme hakijai, mwaga makaa utakavyo.

Ya mgodi, ongeza treni. Treni moja kwa ramani nzima haitoshi.

maalim_shehena

Kuongeza treni ni sawa lakini hebu aelewe kwanza kwa nini, maana atanunua treni kumi na bado ateseke.

Ndugu yangu, hiyo reitingi ndio asilimia ya mzigo ambao mgodi unaipa stesheni yako. Mgodi ukitoa tani 100 na reitingi ni 25, unaona 25, zile nyingine hazikungoji mahali, zimepotea. Na kila mwezi mchezo unapiga kura: kwa huu uchumi wa kawaida, kila mzigo una nafasi moja kati ya 22 ya kubadilika, na ukibadilika ni kwa asilimia 3 hadi 23. Upande gani, juu au chini, hapo ndipo wewe unaingia. Kama mwezi uliopita ulibeba zaidi ya asilimia 60, nafasi ya kupanda ni mbili kati ya tatu. Ukiwa 60 kushuka chini inageuka, mbili kati ya tatu ni kushuka, na huko ndiko uliko wewe. Ukivuka 80 ndio raha, kushuka kunabaki nafasi moja kati ya sita. Kwa hivo hata ukihudumia vizuri kuna siku utashuka, usione umeonewa, lakini kwa miaka mingi mgodi unaobebwa vizuri unapanda tu.

Sasa reitingi inatoka wapi. Kubwa kuliko yote ni muda tangu gari la mwisho lilipopakia. Ndani ya siku 7 na nusu unapata asilimia 51 nzima, ndani ya 15 unapata 37, ndani ya 30 unapata 20, mpaka 52 na nusu unapata 10, ukipita hapo hupati kitu. Treni yako inavuka ramani na kurudi, stesheni iko tupu mwezi na zaidi, ndio maana uko hapo ulipo. Spidi inaongeza mpaka 17 lakini gari lisilopita kama kilomita 85 kwa saa halipati chochote. Gari jipya la chini ya mwaka linapata 13, likizeeka inapungua mpaka likitimiza miaka mitatu ni sifuri. Mzigo kidogo stesheni unakupa 16, ukirundikana zaidi ya 1500 unakatwa 35, na hapo wengi wanashangaa reitingi imeporomoka ghafla.

Na meli, ndiyo, inapendelewa! Muda wake unagawanywa kwa nne. Siku 30 za meli zinahesabiwa kama 7 na nusu za treni, kwa hivo unapata 51 yako bila haraka, ongeza 16 za mzigo mdogo, jumla 67, umeshavuka 60 na spidi yake ni sifuri. Mimi napenda sana walivyofikiria hilo, bila hivo hakuna mtu angetumia meli.

Dawa ya treni: ipe ile amri ya kungoja ijae. Ni kama boti za Mokowe, haling'oi mpaka lijae, na likiondoka kuna jingine limeshafunga gatini. Gari likiwa linapakia, saa ya kungoja haisogei. Treni kuukuu, injini mbovu, lakini ipo stesheni wakati wote, inapata ile ile 67.

punda_wa_mkunguni

Maalim Mungu akuweke. Kwa hivo treni ndefu moja nizigawe ziwe fupi fupi? Na si mzigo ukikaa ndani ya treni inayongoja bei inashuka? Nilisikia malipo yanategemea siku.

maalim_shehena

Zigawe, ndiyo, na stesheni iwe na majukwaa mawili angalau, na mbele yake reli ya kungojea, maana treni zikipangana kwenye reli kuu zitafunga njia mpaka zile tupu zinazorudi zikose pa kupita.

Malipo ni kiasi cha mzigo, umbali kati ya stesheni, na muda iliokaa njiani, na ule wa kungoja ndani ya behewa unahesabiwa pia. Lakini makaa yana subira, yakichelewa bei inashuka kidogo kidogo sana. Bidhaa na abiria hapana, hao usiwangojeshe.

binti_wa_shela

Kaka mimi naongeza yangu maana sijaona mtu ameyataja.

Moja, kisima chako cha baharini kinaweza kupanda, lakini visima vya mafuta vya nchi kavu kwa hiyo hali ya hewa ya wastani haviendi juu hata ubebe asilimia mia, vinashuka tu mpaka vikauke. Usijenge reli ya gharama kwa ajili yake. Cha baharini kina gati lake na uwanja wa helikopta, huhitaji kujenga kitu pale, na kinatoa abiria pia.

Ukiwa na pesa, jenga sanamu kwenye mji unaomiliki hiyo stesheni, inaongeza 10 kwa stesheni zako zote za mji ule. Ile 67 inakuwa 77, na injini yenye kasi kidogo tu inakuvusha 80. Angalia stesheni yako ya mgodi ni ya mji gani kwanza, isiwe unajenga sanamu Hindi na stesheni ni ya Witu!

Na usiweke stesheni mbili tofauti kwa mgodi mmoja ukidhani utapata mara mbili, mzigo unagawanywa tu kati yake.

reli_ya_malindi

Kuna kile kiwanda cha mbao nilikiona kimefungwa bila sababu, hiyo nayo ni kura?

binti_wa_shela

Viwanda vya kusindika visipopata mzigo miaka 5 vinaingia kwenye hatari ya kufungwa, kila mwezi nafasi ndogo. Behewa chache za miti mara moja moja zinatosha kukilinda. Kituo cha umeme hakina shida hiyo.

Na kama mnaichukia hii kura, kuna setingi ya uchumi uliogandishwa, hakuna kinachopanda wala kushuka. Mimi hunichosha. Afadhali mpakue FIRS, nyongeza inayobadilisha viwanda vyote, humo humo ndani ya mchezo, pale migodi na mashamba yanapanda ukiyapelekea vifaa, na viwanda vingi vinatoa zaidi ukivipa malighafi zake zote pamoja, yaani lile swali la kwanza la chuma peke yake huko jibu lake ni tofauti. Ila iwekeni kabla ya kuanza ramani mpya, msiitie kwenye ramani inayoendelea, itawaharibikia.