MGB ya wazi: vyombo na spea mnaviweka wapi?

BintiTudor:
Asalaam aleikum. Marehemu baba aliniachia gari la wazi la MGB la 1969, rangi ya maziwa, rimu za spoki. Silitembezi sana: Jumapili asubuhi Nyali, mara moja moja Kilifi. Shida yangu ni vyombo. Buti lenyewe fupi, na gurudumu la spea limelala katikati limekula nafasi yote. Baba alikuwa akitia spana zote kwenye gunia na kulisokomeza kule mwisho, nyuma ya gurudumu, nami nikaacha hivyo hivyo.

Mwezi uliopita mpira wa juu wa rejeta ukapasuka karibu na daraja la Mtwapa, magharibi inaingia. Ili nilifikie gunia ilinibidi nitoe mkoba wa nguo, dumu la maji, jeki, mwisho gurudumu lenyewe, vyote nivipange kando ya barabara na malori yanapita. Kufungua gunia, spana zimeshikana kwa kutu, koleo halifunguki. Mpira mpya ninao, lakini uko nyumbani Tudor juu ya kabati. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeniauni kwa bisibisi yake. Mpira ulikuwa umechanika mdomoni tu, akaukata kama sentimita mbili, tukaufunga tena, nikarudi nyumbani polepole.

Gari hili nalipenda na nataka kulitunza inavyostahiki. Nyinyi mnabeba nini, na mnaweka wapi? Nyuma ya viti pana nafasi, lakini betri ziko pale chini na naogopa.

Mzee wa Kuze:
Wa aleikum salaam mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Nimekaa na MGB miaka kumi na tisa, basi nikwambie nililojifunza.

Hapo kwenye betri umeogopa mahali pa kuogopa. Gari la mwaka huo lina betri mbili za volti 6, zimeunganishwa kupata 12, na kinachozifunika ni bati tu na zulia. Spana ikipenya pale ikagusa vichwa vya betri, ni cheche na moto. Nyuma ya viti weka vitu laini peke yake: koti la mvua, taulo kuukuu, kipande cha turubai cha kulalia ukiingia chini ya gari.

Mimi hupanga kwa haraka ya kuhitaji. Nenda kwa fundi anayeshona maturubai ya malori, akushonee mfuko wa kukunja wenye vijifuko, kila spana na chake. Na spana ziwe za inchi: 7/16, 1/2 na 9/16 zitakufanyia kazi nyingi. Mafundi wetu wamezoea magari ya Kijapani, za kwao ni milimita. Kwenye nati ya nusu inchi, 12 haiingii na 13 inacheza; akilazimisha, pembe za nati zinaliwa, na hapo utalia. Mfuko huo ulaze mdomoni mwa buti kabisa, uwe kitu cha kwanza mkono wako kugusa.

Vizito, yaani jeki na nyundo ya shaba ya kufungulia rimu, vitie kwenye uwazi wa gurudumu la spea na uvikaze kwa mkanda. Usiviache vikirukaruka. Chini ya sakafu ya buti ndiko liliko tangi la petroli, na kati ya sakafu na tangi mchanga na maji hujificha, kutu inaanza kula kwa juu usikoona. Langu nililishusha nikakuta bati limekuwa kama kaki. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, rangi ikichubuka pale umeshaikaribisha kutu.

Spea ndogo nazitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, kile kifuniko chake kinabana: pointi, kondensa na rota, yaani vile vidude vya kugawa umeme wa kuwasha injini, plagi mbili, fyuzi za ampea 35. Humo natia na kipande cha mkaa ndani ya kitambaa, kivute unyevu. Na ukibadilisha rota nzima iliyokuwa ikifanya kazi, usiitupe. Hiyo ndiyo ya kubeba, maana umeshaijua. Mpya ambayo haijawahi kuwasha injini usiiamini njiani.

Fundi Changamwe:
Nakubaliana na mzee, ila kwenye mkaa hapana. Barabara zetu zinatikisa, mkaa unakuwa vumbi, na vumbi hilo likikaa kwenye pointi umeme unasumbua. Futa kila kitu kwa kitambaa chenye oili nyepesi, pointi zibaki ndani ya karatasi zake. Yatosha.

Dada, ongeza mkanda wa feni na ule mpira wa rejeta. Vitie ndani ya soksi ndefu, uvilaze kwenye pembe ya buti pembeni mwa gurudumu. Na chini ya kiti cha dereva weka kipande cha mpini wa jembe, kama urefu wa mkono. Pampu ya mafuta ya SU iko chini ya gari upande wa kulia, karibu na gurudumu la nyuma. Ukifungua swichi usisikie ule mlio wake wa tak tak tak, pointi zake (pampu nayo ina zake, mbali na zile za injini) zimegoma. Igonge taratibu kwa mti, mara nyingi itaamka ikufikishe nyumbani. Ukifika, zisafishe.

BintiTudor:
Ahsanteni sana ami, na wewe fundi. Mfuko umeshonwa Jumamosi pale Mwembe Tayari, vijifuko kumi na viwili, turubai la kijani. Mkaa nimeuacha, samahani ami, nimetumia kitambaa cha oili. Mara ya kwanza jeki iligonga njia nzima hadi Bombolulu. Nimeizungushia kipande cha mkeka, sasa kimya.

Nilipokuwa nasugua kutu nikaona spana ya nusu inchi ina mikato mitatu ya tupa kwenye mpini. Ni baba aliyeitia alama, ili aijue kwa vidole gizani. Nimeipa kijifuko cha kwanza.