Wa bondeni Rufiji: wahamishwe jumla au waachwe na mashamba yao?

Wadau habari za saa hizi. Tangu yale mafuriko ya Aprili 2024 kila masika ikikaribia mjadala unarudi ule ule, wa bondeni Rufiji na Kibiti wahamishwe jumla, wabishi hao, hawasikii. Wengi mnaotoa hukumu bonde mnalionea dirishani mwa basi la Lindi pale Daraja la Mkapa, dakika mbili limepita.

Mimi napinga, na sababu yangu ni kwamba hawa watu walishahamishwa zamani. Baada ya mafuriko ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji ya 1969, watu wakatolewa bondeni wakapangwa kwenye vijiji vya juu, vingi upande wa kaskazini wa mto. Nyumba zikapanda, mashamba yakabaki chini, maana lile tope jeusi linaloletwa na mto juu halipo, juu ni mchanga tu. Ndo maana mtu ana nyumba yake kijijini halafu kule shamba ana dungu, kibanda kimesimamishwa juu ya miti, anapanda kwa ngazi, analala huko msimu mzima anaamia ndege na kufukuza nguruwe. Sasa mkisema "mbona wamerudi", hawajarudi jamani, wameenda kazini.

Halafu mafuriko yenyewe kule sio adui moja kwa moja. Maji yakianza kupungua unapanda mahindi ya mlau kwenye tope bichi, unayafuata maji yanavyorudi nyuma, mvua huihitaji. Mwaka ambao mto haujatoka kabisa nao ni shida, mlau hakuna na samaki kwenye mabwawa ya pembeni wanapungua. Kilichoumiza 2024 ni maji kuja mengi kupita kiasi, yakakuta mpunga na mahindi bado yamesimama shambani, tena yakakaa.

*Mlipakodi wa Mbagala:*
Mkuu umeeleza vizuri ila umechagua wa kumtetea, umeongelea mtu wa dungu tu. Muhoro je? Pale si shamba, ni makazi, nyumba, shule, maduka, maji yaliingia. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, aliliambia Bunge Aprili ile ile kwamba nchi nzima wamekufa watu 155 na kaya zaidi ya elfu 51 zimeathirika, sasa shule ile ile tuijenge mara ngapi pale pale? Kumpa mtu kiwanja juu sio kumuonea.

*Binti Mndengereko:*
Mbona bwawa mnalikwepa nyote wawili? Bwawa la Nyerere, lile la umeme kule juu kwenye mto huu huu wa Rufiji, limeanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza umewashwa Februari 2024, Aprili tunaogelea. Serikali ikasema bwawa sio chanzo, ni mvua za El Nino, na bila bwawa ingekuwa mbaya zaidi. Sawa, inawezekana, 1968 na 1974 bwawa halikuwepo na mto ulitoka vile vile, mimi sio wa kulaumu tu. Ila babu zetu walikuwa wanausoma mto kwa macho, sasa hivi mto una geti na geti lina mtu wa kulifungua. Tangazo likiishia ofisini kwa DC au kwenye mtandao, yule aliye dunguni simu haina chaji wiki nzima litamfikiaje? Nataka kujua maji yakiachiwa kule juu nani anampigia mwenyekiti wa kitongoji, na kwa saa ngapi kabla, maana kutoa watu, magunia na watoto kwa mtumbwi sio kazi ya dakika kumi.

*Mwanzisha mada:*
Dada hapo umemaliza, hiyo ya geti mi naiweka mbele ya viwanja. Na Muhoro nakubali kabisa, shule na nyumba za kudumu zipande juu, sina ubishi. Ila kaka wa Mbagala, kiwanja bila maji ya kunywa na bila njia ya kushuka shamba mtu atakiuza tu, utamlaumu tena. Na misaada nayo iangalie kalenda, unga ni wa kuvukia wiki chache, kinachomnyanyua mkulima ni mbegu, tena imkute tope likiwa bado bichi. Mbegu ikifika ardhi imeshapasuka utaipanda wapi, hiyo mnaenda kula ugali wa mbegu yenye dawa.

Kwa hiyo kaka nijibu hili moja tu, usizunguke: umeshamhamisha, yuko juu, maji yamepungua, mashamba ya mlau yako wazi kule chini. Unamruhusu ashuke au unaweka mgambo njiani?